Kuna ndege chini ya kiti

Mpwa wangu wa miaka sita ndiye aliyeanza. Tulikuwa tunaingia Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, akasema, "Mama, kuna ndege." Sote tukachungulia angani, maana uwanja wa ndege wa Shinyanga uko huku huku Ibadakuli.

"Siyo huko juu. Yuko chini ya kiti changu, analia."

Dada akazima redio. Kweli, chini ya sakafu ya Hilux kulikuwa na mlio mwembamba, ng'wii, ng'wii, ng'wii, ukifuata mwendo wa magurudumu. Shemeji akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba kwa wiki mbili amekuwa akisikia pia "tak" kila anapoweka rivasi. Dawa yake ilikuwa kuongeza sauti ya redio. Katika kazi yangu ya kuandika habari za afya, wagonjwa wa aina hii nimekutana nao wengi.

Tulitoka Kakola alfajiri, tukapita Kahama na Tinde, tukimpeleka kichanga wa wiki sita akaonwe na bibi yetu. Alikuwa amepakatwa na mama yake kiti cha nyuma, kaka mtu pembeni.

Wengi wanalijua jina la Ibadakuli kwa sababu ya kituo cha kupoza umeme. Njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa, kilomita 670 kupitia Dodoma na Singida, inaishia hapa. Nje ya mji ni tambarare, pamba, na ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga mifugo isiingie mpaka kiangazi. Udongo wa mbugani ni mweusi, na ukilowa unanata kama ugali mbichi. Foo wili huku si anasa.

Fundi tuliyemkuta chini ya mwarobaini alitusalimia "Mwangaluka", na spana hakuigusa. Aliuliza kwanza, kama daktari mzuri. Gari likisimama, ukikanyaga mafuta, linalia? Hapana. Basi si injini. Linavuma ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia? Hapana. Hiyo ingemfanya aitilie shaka difu. Mvumo unabadilika ukikata kona? Hapana. Hapo angeanza na beringi za magurudumu.

"Foo wili umeitoa?"

Shemeji alikuwa ameitoa. Swali lilikuwa la maana, kwani Hilux ile haina difu ya katikati. Ukiweka foo wili, propela ya mbele na ya nyuma zinalazimika kuzunguka sawa. Kwenye matope tairi huteleza na mambo yanakwenda. Kwenye lami kavu, kona chache tu zinakaza mfumo mzima, usukani unakuwa mzito na gari linagongagonga.

Akatushusha sote, kichanga kwanza. Akaweka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele, akainua nyuma kwa jeki na kuegemeza gari kwenye magogo, gia huru. Akaingia chini, akaishika propela ya nyuma na kuizungusha kidogo huku na huku. Tak. Krosi ya mbele, kile kiungo chenye umbo la msalaba karibu na giaboksi, ilikuwa inacheza. Pembeni yake kulikuwa na unga mwekundu kama pilipili. Grisi ilikuwa imekwisha, vyuma vinasagana.

"Hii ingekatika ukiwa mwendo mkali," alimwambia shemeji taratibu, "propela ingeangukia lami na kuchomeka."

Pale pale, chini ya miguu ya mtoto.

"Nilikuwa nasubiri mwisho wa mwezi," shemeji akasema. Nilikasirika, halafu nikakumbuka jino langu nililoliacha likaoza miezi minne.

Fundi aliweka alama ya chaki kabla ya kufungua, ili propela irudi kama ilivyokaa. Bodaboda ikaleta krosi kutoka mjini. Alinipa pia ujanja ambao mzazi yeyote anaweza kuujaribu: zima redio, fungua vioo, pita polepole kando ya ukuta, sauti itakurudia. Na muulize aliyekaa nyuma.

Tulipoondoka, mkono wa shemeji ulikwenda kwenye redio. Dada akauondoa. Mbele kidogo kitu kikagonga sakafuni, sote tukakakamaa.

"Hiyo ni chupa ya soda," akasema mpwa wangu.