Geuza Jani Kwanza

Kazi ya maua niliianzia kwenye kitalu cha kando ya Barabara ya Bagamoyo, upande wa Tegeta, Dar es Salaam, nikiwa binti niliyetoka Lushoto bila cheti cha kilimo wala mtaji. Aliyenipokea alikuwa mzee wa Kizaramo ambaye umri wake mwingi ulikuwa umepita kwenye miche. Hakunipa jembe wala hakuniruhusu kuuza. Alinipa kitambaa na ndoo ya maji, akaniagiza nifute majani.

"Anza chini, mwanangu," aliniambia. "Juu ya jani anaangalia mteja. Chini ndiko anakokaa mwenye nyumba."

Kwa kufuta huko niliwajua wadudu mmoja mmoja. Vidung'ata hujibana pale jani linapoungana na shina, wamejifunika unga mweupe kama pamba. Wadudu gamba hung'ang'ania kwenye mshipa wa jani bila kusogea, rangi ya kahawia, na mtu hudhani ni sehemu ya mti mpaka awaparue kwa ukucha. Vidukari hupenda ncha changa. Nzi weupe hupeperuka ukitikisa tawi. Wote hawa hunyonya utomvu, kisha hutoa majimaji matamu yanayonata, na juu yake huota ukungu mweusi. Sisimizi huyafuata majimaji hayo, na kwa kuyapenda huwalinda vidung'ata dhidi ya maadui zao. Ndiyo maana hadi leo nikiingia sebuleni kwa mtu, kabla ya kutazama jani naangalia sakafu: kama inanata chini ya chungu na sisimizi wanapanda shina kwa msururu, najua kuna kazi.

Nilipopata kiwanja Wazo nilianzisha kitalu changu, si mbali na kilima ambacho mawe yake ya chokaa hulisha kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Wazo ilinifundisha kutofautisha mdudu na asiye mdudu. Wengi wetu huku humwagilia maji ya kisima, na visima vingine vina chumvi. Ncha za majani zikikauka na kuwa kahawia, mteja hukimbilia dukani kununua dawa. Lakini chumvi huchoma kuanzia nchani na ukingoni, na chini ya jani hukuti kitu. Mtu wa namna hiyo simuuzii dawa. Namshauri akinge maji ya mvua, au amimine maji mengi yasiyo na chumvi mpaka yatoke chini ya chungu na kuisafisha ile iliyobaki kwenye udongo.

Utitiri mwekundu nilimjua vizuri nilipoanza kutunza maua ya maofisini Mikocheni na Posta. Huyu hasa si mdudu. Ana miguu minane na ni wa ukoo wa buibui. Hustawi kwenye joto na hewa kavu, kwa hiyo miezi ya Januari na Februari kabla ya masika ni wakati wake, na ofisi yenye kiyoyozi na majani yaliyojaa vumbi humpa makazi mwaka mzima. Kwa macho matupu huonekana kwa shida. Mimi huweka karatasi nyeupe chini ya jani lililojaa vidoadoa vya njano, nagonga mara mbili, nasubiri. Chembe zikianza kutembea, ni yeye. Jani huoshwa kwa maji chini na juu, tena na tena, kwa sababu kwenye joto la Dar yai lake huwa mzazi ndani ya wiki moja hivi.

Mama mmoja wa Mbezi Beach aliniita akiwa amekata tamaa. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, niokolee maua yangu." Alikuwa amenunua mmea mzuri wa mpira barabarani, akauweka katikati ya maua yake mengine siku hiyohiyo. Baada ya muda vidung'ata walikuwa wameenea sebule nzima. Kuna aliyemuuzia dawa ya shambani, imepimwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, naye alikuwa amepuliza ndani, wajukuu wakicheza hapohapo. Kwanza nilifungua madirisha na kuwatoa watoto. Kisha nikatoa kila chungu nje na kufanya kazi kwa mkono: pamba iliyochovywa kwenye spiriti kwa kila mdudu niliyemwona, halafu maji yenye sabuni ya maji, kijiko cha chai kwa lita moja, nikipuliza jioni na kusuuza baadaye. Sabuni ya unga situmii, huunguza majani. Nilirudia kila wiki, maana jike mmoja hutaga mamia ya mayai na dawa ya siku moja huyaacha salama.

Nyumba ikiwa imezidiwa, natwanga mbegu za muarobaini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, naloweka usiku kucha na kuchuja. Napuliza jioni kwa kuwa jua huvunja nguvu yake. Kiuatilifu cha dukani nakikubali kikiwa kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kina lebo, na lebo inasema kinafaa kwa mimea ya ndani.

Lakini miaka yote hii imenithibitishia jambo moja: vidung'ata hawakuingia wenyewe sebuleni kwa yule mama. Jike hana mabawa. Tunambeba sisi. Bara zima lililipia somo hili pale kidung'ata cha muhogo kilipoingia Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 kutoka Amerika Kusini, kisha kikaenea kwenye ukanda wote wa muhogo. Kilidhibitiwa kwa nyigu mdogo aliyetafutwa hukohuko kilikotoka, akapatikana Paraguay, akaanza kuachiliwa Nigeria mwaka 1981. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mamilioni ya watu walinusurika njaa, lakini hasara ilikuwa imeshapatikana.

Kwa hiyo kitaluni kwangu mche mgeni hukaa peke yake wiki tatu. Tunaugeuza jani kwa jani, tunautoa kwenye chungu kuangalia mizizi kama ina unga mweupe. Samadi mbichi haiingii, huleta visubi. Vijana ninaowafundisha hulalamika kwamba wateja wanasubiri. Nawaambia wawasubirishe. Anayeuza mche wenye wadudu amewauzia wenye nyumba maradhi ya maua yao yote, na mteja aliyefundishwa kugeuza jani kabla ya kulipa atatulazimisha sote wauza maua wa barabara hii kufanya kazi safi.