Anwani Isiyo na Mlango

Mwishoni mwa muhula uliopita mwanafunzi mmoja alibisha hodi ofisini kwangu akiwa na barua mkononi. Alikuwa amepata alama 54 katika somo langu. Karatasini zikaandikwa 45, naye akaamriwa kulirudia. Barua ilimweleza kwamba, iwapo hakuridhika, arejee kifungu husika cha kanuni za mitihani. Kanuni zenyewe zilikuwa kitabu kimoja, ndani ya mtoto wa meza, katika ofisi iliyofungwa.

Nilipofuatilia nikakuta kwamba matokeo yetu hukaa katika programu kongwe ya Windows isiyo na njia ya kuitoa orodha yake nje. Huionesha tu dirishani, mstari kwa mstari, na karani huinakili kwa mkono. Karani si mzembe; anayenakili mamia ya tarakimu kwa siku, ipo siku atageuza 54 kuwa 45. Kwa idhini ya mkuu wa ofisi, nikaamua kuandika kijiprogramu kwa lugha ya Python kiisome orodha ile moja kwa moja.

Katika Windows, dirisha huulizwa kwa ujumbe wenye namba yake na thamani mbili za kuambatana nao. Nikauliza orodha ina mistari mingapi. Ikajibu barabara: 212. Lakini kuomba maandishi ya mstari hakuwezekani kwa namba tupu. Muulizaji huandaa fomu katika kumbukumbu ya kompyuta, akionesha safu anayoitaka, mahali pa kuweka jibu na nafasi iliyopo. Kisha hutuma anwani ya fomu hiyo, yaani kielekezi, wala si fomu yenyewe. Nikatuma. Programu ikazimika papo hapo. Karani akanitazama kwa upole: "Mwalimu, umeiua."

Kosa lilikuwa langu. Kila programu inayoendeshwa ina kumbukumbu yake; anwani iliyo sahihi kwangu, kwa jirani ni mahali pengine, au si mahali kabisa. Jumbe za msingi, zenye namba chini ya 1024, mfumo wenyewe huzibebea data kutoka programu moja hadi nyingine. Jumbe za orodha huanzia 4096. Huko mfumo hupeleka anwani tu, haubebi kilichomo. Mwenye shida hulazimika kuomba nafasi ndani ya kumbukumbu ya programu ya pili, aiandike fomu humo, atume anwani ya humo, kisha asome jibu humo humo. Tena kwa vipimo vya mwenyeji: programu ile ya biti 32 ilihesabu anwani kwa baiti 4, Python yangu ya biti 64 kwa baiti 8. Fomu yangu ya pili ilifika mahali pake, lakini ikasomwa kombo.

Jioni ya tatu majina yalipoanza kutiririka, niliikumbuka ile barua. Nayo ilikuwa kielekezi. Ndivyo taasisi zetu zinavyosema na raia: "tazama waraka", "rejea kifungu", "kama ilivyoelekezwa awali". Ndani ya ofisi anwani hizo ni halali, na aliyeziandika hakusema uongo. Lakini anayepokea yuko nje, na alichokabidhiwa ni namba ya nyumba asiyo na njia ya kuiingia. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, maandishi ya lugha uijuayo, yakifungiwa kabatini, bado ni anwani isiyo na mlango.

Sisemi uzio uvunjwe. Kumbukumbu za programu zimetenganishwa kwa sababu njema, ili hitilafu ya moja isiiharibu nyingine. Ofisi nazo zina siri za kulinda. Ninachouliza ni nani abebe mzigo. Mfumo ukitaka, huibeba fomu yenyewe na kuifikisha. Ofisi nayo ingeweza kuambatanisha ukurasa mmoja wa kanuni na kila barua. Badala yake, mzigo hutwishwa yule asiye na ufunguo.

Kijiprogramu kilipomaliza, nililinganisha orodha na karatasi. Alama za mwanafunzi yule zilirekebishwa. Nikakuta na majina mengine matatu yaliyonakiliwa vibaya, ambayo hayakuwahi kubisha hodi kwangu. Wawili walikuwa wamekwisha kujiandikisha kulirudia somo. Wa tatu, nikaambiwa, alisoma barua yake, akafunga virago, akarudi kwao.