Maswali Kumi Mepesi, na Majibu Yetu Sote Wawili



   Vidole vimejaa alama za sindano lakini riziki inaingia.

Leo hatuzungumzi mishono wala mapishi. Leo tunajibu maswali. Mteja akikaa kwenye benchi letu kusubiri baibui lake litiwe pindo huwa hana la kufanya, basi hutuuliza. Mnapenda nini? Mnaogopa nini? Mlikuwa watoto wa namna gani? Tumeyakusanya kumi. Na tuseme kweli, tunayapenda. Mwanamke akishafika umri wetu, wa thelathini na kitu, watu humuuliza mambo mawili: nguo yangu imekwisha? na leo mmepika nini? Nani tena atakuuliza unapenda embe gani? Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akifanya mzaha na masahaba zake, na hata katika mzaha hakusema ila kweli. Nasi tumejitahidi hivyo hivyo.

Kwa asiyetujua: sisi ni ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, tumepishana mwaka mmoja na miezi miwili. Tumezaliwa Unguja mjini, Kikwajuni. Tumesoma mpaka kidato cha nne, tukasomea ushoni, na sasa tuna duka letu dogo la kushona. Tukisema "sisi" ni sote wawili. Pale tulipotofautiana tumesema mkubwa na mdogo.

1. Mlikuwa mkipenda mchezo gani?

Nage na mdako. Nage tulikuwa tukiingia uwanjani pamoja, na mdogo alikuwa mwepesi kukwepa mpira kama kitoto cha paka. Mdako ndio uliokuwa wetu hasa, kwa sababu huchezwa hata kibarazani mvua ikinyesha. Kila mmoja alikuwa na kijiwe chake cha kurushia, na hakiazimishwi. Mkubwa anacho chake mpaka leo, kimo ndani ya kopo la vifungo. Akiulizwa cha nini, husema ni cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Karatasi zenyewe hatuna.

2. Mtaani mkiitwa nani?

Doti. Kanga huuzwa vipande viwili vilivyoshikana, na viwili hivyo ndiyo doti. Mama alikuwa akinunua kitambaa kimoja kule Darajani, akampa mshonaji atushonee magauni mawili ya Idi yaliyolingana, lile la mdogo likiwa na pindo kubwa ili mwakani lifumuliwe. Bibi mmoja jirani akituona tunapita akisema, "Haya, doti hiyo inakwenda." Jina likaganda. Wako watu wazima mtaani mpaka leo hawajui majina yetu ya kweli.

3. Kumbukumbu gani ya Sikukuu hamuisahau?

Mnazi Mmoja jioni! Sikukuu yetu ni siku nne, na siku zote nne tulikuwa tunataka kwenda. Asubuhi tunazunguka kwa jamaa kuomba mkono wa Idi, tunafunga sarafu kwenye ncha ya leso, jioni tunakwenda kuzimaliza. Pembea, maputo, miwani ya plastiki, saa ya plastiki isiyokwenda. Mdogo alikuwa akinunua saa kila mwaka. Ukimuuliza ni saa ngapi, anaitazama kwa makini sana halafu anakwambia, "Ni saa ya Idi."

4. Na kumbukumbu ya mbali na nyumbani?

Pemba kwa bibi, Kengeja, skuli zikifungwa. Tulikuwa tukipanda meli ya usiku, tunalala juu ya mkeka kichwa kwenye mabegi, asubuhi tunaamka Mkoani. Msimu wa karafuu ukiwa mzuri nyumba nzima inanukia. Usiku watu hukaa duara wakichambua, karafuu huku, makonyo huku, na bibi anatoa hadithi. Mchana karafuu zinaanikwa juu ya majamvi, na sisi kazi yetu ilikuwa kutazama mbingu. Wingu likitokea tu, tunapiga kelele, na watu wote wanatoka mbio kuzianua. Zikichukua siku nne tano za jua zuri zinageuka kutoka kijani na wekundu zikawa kahawia iliyoiva. Bibi akizijua kwa kuvunja moja. Ikilia "ta!" imekauka.

Vidole vyetu vilikuwa vikinuka karafuu mpaka wiki ya pili baada ya kurudi skuli.

5. Mna tabia gani ya ajabu?

Tunazo nyingi, tutataja chache. Mkubwa anaposhona kwa cherehani ya mguu huleta tasbihi, kila akikanyaga ni Subhanallah moja. Akivurugwa hesabu huanza upya, kwa hiyo msimsalimie akiwa katikati ya mshono. Mdogo hunusa kitambaa kabla ya kukikata. Anasema pamba ina harufu yake na nailoni ina harufu yake. Tumemfunga macho tukamjaribu, na wallahi hakosei.

Na sote wawili hatuwezi kuona mkasi wa nguo unakata karatasi. Mteja akiuchukua akate risiti yake, tunaruka pamoja kama tuliochomwa na mwiba. Karatasi huua makali ya mkasi, wapenzi. Hata nyumbani kwenu, wekeni mkasi wa nguo mbali na watoto wa skuli.

6. Chakula? Na embe, msisahau embe!

Mkubwa ni embe bolibo, tena iliyoiva ikalainika, anailia karai ili isimdondokee. Mdogo ni embe mbichi kwa chumvi na pilipili, meno yakamfa ganzi. Kwa hiyo mti mmoja wa kwetu ulitutosha bila ya ugomvi: mmoja anaziwahi, mwengine anasubiri.

Chakula tunachokubaliana ni mkate wa kumimina wa mama. Tumeupika kwa mchele ule ule, nazi ile ile, chungu kile kile, na hautoki kama wake. Yeye anasema siri ni kutoufunua funua. Sisi tunadhani siri ni yeye mwenyewe.

7. Kwa nini mlichagua ushoni?

Riziki ilikuja na giza. Wengi mnakumbuka umeme ulivyokatika Unguja nzima tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Maji nayo yakawa tabu, kwa sababu pampu hazifanyi kazi. Sisi ndio kwanza tumemaliza mafunzo yetu ya ushoni, na tulichokuwa nacho ni cherehani moja ya mguu, kuukuu, tuliyopewa na khalati yetu. Mafundi waliokuwa na cherehani za moto wakakaa, kwa sababu si kila mtu aliweza kununua mafuta ya jenereta. Watu wakaanza kuuliza mitaani: nani ana cherehani ya mguu?

Tukashona kwa zamu, mchana karibu na dirisha, usiku kwa taa ya mafuta. Mmoja anashona, mwengine anapasi kwa pasi ya mkaa au anakwenda kutafuta maji. Umeme uliporudi tulikuwa na wateja, na wengine tunao mpaka leo. Tangu hapo hatukuuza cherehani ile. Tuna mbili za umeme sasa, lakini ya mguu iko pale pale mlangoni.

8. Mnaogopa nini?

Mlitaka mcheke, basi chekeni: tunaogopa jogoo. Wa jirani, mwekundu, alikuwa akitungojea kila asubuhi tukienda chuoni. Tulikuwa tunapita mgongo kwa mgongo, mmoja anaangalia mbele, mwengine anaangalia nyuma, juzuu zetu tumezishika kama ngao.

Ila kuna hofu nyengine ambayo haichekeshi. Meli ya usiku, ile tuliyokuwa tukiipenda, hatuipandi tena. Meli iliyokuwa ikienda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, na hapa visiwani hakuna mtaa ambao haukufika matanga. Tangu siku ile, kwa bibi tulikwenda mchana tu, na mpaka tushuke Mkoani mikono yetu ilikuwa imeshikana. Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotangulia, na awape subira waliobaki.

9. Mmewahi kutengana?

Hili aliliuliza dada mmoja akicheka, hakujua ameuliza nini. Sisi tukatazama chini kwenye vitambaa.

Kutengana kwetu kukubwa kulikuwa siku kumi, mkubwa alipojifungua mtoto wake wa kwanza akawa kwa mama mkwe, na hata hapo mdogo alikuwa akipeleka uji kila jioni. Mkubwa ameolewa, anakaa mtaa wa pili. Mdogo riziki yake ilichelewa kidogo, na maneno tuliyasikia mengi humu humu dukani kutoka kwa watu waliokaa kwenye benchi letu. Tuliyakunja tukayaweka. Sasa, alhamdulillah, posa imekuja, ya mtu mwema, na nikaha InshaAllah ni baada ya Idi. Bwana anafanya kazi Maskati, na ndiko maisha yatakuwa.

Tumefurahi, tena sana. Na tumelia. Yote mawili ni kweli, hakuna moja linalofuta jengine.

Watu wanatufariji kwamba Maskati si mbali, ndege ni saa tano hivi, na kule kuna nyumba zinazosema Kiswahili kama chetu, za watu walioondoka huku baada ya 1964 na watoto wao. Ni kweli. Lakini saa yao imetangulia yetu kwa saa moja. Ramadhani ijayo mmoja wetu atakuwa ameshafuturu, na mwengine bado anangoja adhana. Jambo dogo kama hilo ndilo lililotuliza.

Mama yetu hakutuacha tuendelee. Alisema, "Doti haivaliwi mpaka ikatwe. Ikishakatwa hupindwa, na kila kipande kina kazi yake. Nyinyi washonaji, hilo hamlijui?"

Tulilijua. Ila hatukuwahi kuambiwa kwamba kanga ni sisi.

10. Mkiambiwa kila mmoja achukue kitu kimoja tu dukani, mtachukua nini?

Hapa kwa mara ya kwanza tulijibu mbali mbali. Mkubwa alisema daftari la vipimo. Lina vipimo vya wateja wetu tangu tulipoanza, na fundi anayapima mengi kwa futi yake: nani amekonda kwa mawazo, nani ana mimba na hajamwambia hata mama yake. Mambo hayo hayatoki dukani. Daftari ni amana, na amana inabaki na anayebaki.

Mdogo alisema mkasi. Ni mmoja tu tulionao wa kukatia, mzito, wa chuma, umenolewa mpaka umebaki mwembamba. Kidole cha mkubwa kimetengeneza alama upande mmoja wa mpini, na cha mdogo upande wa pili, kwa sababu mmoja wetu ni wa mkono wa kushoto. Hatutasema yupi.

Basi tumekubaliana. Mkasi unakwenda Maskati. Daftari linabaki Unguja, na mdogo amenakili kurasa za vipimo vya mama, vya mkubwa na vya watoto, ili nguo za Idi zikatwe kule zije huku. Duka halifungwi, wapenzi, msiwe na wasiwasi na oda zenu. Kuna msichana mzuri tunamfundisha, na keshajua kwamba mkasi wa nguo haukati karatasi.

Tulipomaliza yetu kumi tulimpelekea mama maswali yale yale. Alituuliza kwanza kama tumekosa kazi. Tulipofika kwenye rangi anayoipenda alinyamaza, halafu akasema: zambarau. Miaka yote tumemuona na kahawia. Akasema kahawia haionyeshi masizi ya jikoni, ndiyo sababu anaivaa, lakini kupenda, anapenda zambarau, tangu yu msichana.

Kitambaa tumeshakinunua. Kimelala mezani, bado hatujakikata. Tunataka tukikate sote wawili.

Nanyi, wapenzi, waulizeni mama zenu, bibi zenu, mawifi na mashoga zenu. Msiwaulize ya jikoni. Waulizeni ya kuchezea chezea, rangi, embe, jogoo, halafu nyamazeni muwasikilize.

Tuombeeni nikaha ya kheri na safari ya salama. Nasi tunakuombeeni kila la kheri majumbani mwenu.

Wabillahi tawfiq.