Homa ya fundi (sehemu ya 7)

Mama, kama mumeo au kaka yako ni fundi wa kuchomelea, ya leo ni yako.

Mdogo wangu anatengeneza mageti. Kila akichomelea yale mabomba yaliyopakwa zinki yasishike kutu, jioni anatetemeka, kifua kinabana, mdomoni ladha ya chuma. Baada ya siku moja au mbili, yuko sawa. Na mimi nesi mzima nikampa mseto mara mbili bila kumpima! Mara ya tatu nikampima: malaria hana. Ni moshi wa zinki.

Usiseme "si inaisha yenyewe". Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Na maziwa? Jamani, yanaenda tumboni. Hayasafishi mapafu.

Kinachosaidia: achomelee nje penye upepo, asiinamishe uso kwenye moshi, avae barakoa ya kuchuja, siyo kitambaa. Nguo za kazi avue kabla hajambeba mtoto. Watoto wasikae kutazama ule mwanga, unaunguza macho.

Homa yoyote, pima kwanza. Akibanwa pumzi, wahi hospitali, na mwambie daktari kazi anayofanya.

Mdogo wangu ameshatoa meza yake nje, chini ya mwembe. Wa kwako anachomelea wapi?