Fundi Mtaani, Mwanafunzi Usiku

Basi wasomaji, miaka 6 nafunga umeme Ngamiani hadi Makorora, bado naitwa kishoka. Nyumba nafunga mimi, fomu anasaini mwenye leseni, mshiko nagawiwa! Imenichosha. Nimekwenda VETA, wanarasimisha ujuzi wa sisi wa mtaani. Nikipata cheti, naomba leseni EWURA.

Kasheshe ni daftari. Juzi swali: waya wa kijani na njano kazi yake nini? Nimeufunga mara chungu nzima, jibu sina! Kumbe umeme ukivujia kwenye bodi la friji, waya ule unaupeleka ardhini, fyuzi inaungua, anayefungua mlango anapona.

Nikaikumbuka nyumba moja barabara ya 12. Waya uliisha, bosi akasema huo tuuache. Mama mwenye nyumba anauza barafu, friji haizimwi. Kesho asubuhi naenda kumgongea. Waya nanunua mwenyewe.