Jiko la Mihogo, Mama Ngina

Jua likielekea kutua, barabara ya Mama Ngina, Mombasa, hujaa watu. Chini ya mibuyu mikongwe, tukiukabili mlango wa Kilindini zipitamo meli ziendazo bandarini, ndipo lilipo jiko letu la makaa.

Tulikuwa makarani wa forodha, mume na mke. Mshahara haukujali mvua. Jiko halina dhamana hiyo. Masika yakishika mwezi wa Aprili na Mei, jioni nyingi hurudi nyumbani na mihogo mibichi, ilhali karo ya watoto haingoji.

Hata hivyo, riziki hii ina heshima yake. Mhogo huchomwa, hupasuliwa, ukatiwa chumvi, pilipili na ndimu. Mvuvi wa Likoni na mgeni wa bara huula wamesimama bega kwa bega. Adhana ya magharibi ikisikika, twaswali kwa zamu, makaa yasizimike.

Nabii Daud, amani iwe juu yake, alikula kwa kazi ya mikono yake. Mwenye nia ya kutufuata na aweke kwanza akiba ya kumvusha masika, ndipo aandike barua ya kuacha kazi.