Nafasi mwanzoni mwa mstari

Kwa kazi yangu ya mwisho nilihesabu majina yenye kiambishi cha udogo ka- katika hadithi 9 za Kiluba alizonisimulia bibi. Programu yangu ya Python ilikuwa na vitanzi viwili: cha hadithi, na ndani yake cha majina. Nilibandika humo mistari miwili ya zamani, nikabonyeza = katika Vim ili inyooke. Jibu: 9. Nikaliweka katika jedwali.

Mwalimu akauliza: «Katika hadithi zote hizi, bibi yako alitaja vitu vidogo tisa tu?» Tisa ilikuwa idadi ya hadithi zenyewe.

Vim iliusogeza mstari wa kwanza ndani ya kitanzi cha majina, kwa sababu ulifuata nukta mbili. Wa pili, ule wa kujumlisha, iliuacha palepale. Bila marekebisho hayo Python ingekataa. Baada yake ilikubali, ikahesabu hadithi.

Sisi wa isimu tunalijua jambo hili. Katika «kitabu cha mwalimu kipya», ki- inaonyesha kipya ni nini. Katika «mtoto wa mwalimu mgeni», nani mgeni? Upatanisho haujibu, ajuaye ni msemaji. Katika Python, nafasi mwanzoni mwa mstari ndiyo upatanisho, nami nilimwachia mwingine kazi hiyo.

Sasa nabandika kwa ]p, inayosogeza mistari yote kwa kipimo kimoja. Kisha nasoma nikijiuliza: mstari huu ni wa kitanzi gani? Jedwali nimelihesabu upya, na ka- za bibi zimerudi.